Roketi Yetu Haikuwa na Mapezi

Wamelibandika tena lile tangazo. Nimelisoma kwa macho yangu juzi nikitoka sokoni Mwandiga, limebandikwa kwenye ukuta wa duka la vifaa vya shule: mashindano ya sayansi kwa sekondari, kipengele cha roketi za maji, na chini yake sharti lilelile la siku zote, kwamba roketi iwe na mapezi yasiyopungua matatu. Nilisimama pale na kabichi langu mkononi mpaka mwenye duka akaniuliza, "Mama, unahitaji kitu?" Nikamwambia nahitaji kalamu nyekundu. Akacheka akidhani natania, na mimi sikuwa natania hata kidogo.

Basi sogeeni, ninyi mnaojiandikisha mwaka huu, mnisikilize. Nimefundisha fizikia Kigoma na Ujiji tangu nywele zangu zikiwa nyeusi tii mpaka siku waliponipa kanga na saa ya ukutani wakaniambia asante mama, kapumzike. Saa yenyewe haikumaliza hata mwaka. Katika miaka yote hiyo nimevunja vyombo vya maabara, nimeunguza mapazia, nimekosea hesabu ubaoni mbele ya mkaguzi, na yote nimeyasahau. Lililonikaa kooni ni hili la mapezi. Nikilimeza linapanda tena.

Kwanza mjue tunazungumzia kitu gani, maana siku hizi mtu akisikia roketi anafikiria moto na moshi aliouona kwenye simu. Yetu ni chupa ya soda, ile kubwa ya plastiki. Unatia maji kama theluthi yake, unaziba mdomo kwa kizibo chenye vali ya baiskeli katikati, unaisimamisha mdomo ukiwa chini, kisha unapampu kwa pampu ya baiskeli. Hewa ikizidi, kizibo kinashindwa, maji yanachomoka kwa chini na chupa inapaa. Hakuna kiberiti wala petroli hapo. Ukimwona mtu anakuja na kiberiti kwenye roketi ya maji, mfukuze.

Mwaka wangu wa kwanza kuifundisha nilijaza maji mpaka shingoni, nikiamini maji mengi ndiyo nguvu nyingi. Roketi ilipanda kimo cha meza, ikatumwagia sote, ikaanguka miguuni pa mpishi wa shule aliyekuja kuchungulia. Yule mama alinitazama, akatazama gauni lake, akasema, "Mwalimu, kama ni kufua ungeniambia nilete na nguo zingine." Nguvu ni ya hewa, wanangu. Maji ni mzigo ambao hewa inautupa chini ili chupa ipate kupanda.

Na kizibo msinunue. Vya dukani havikai. Sisi tulichonga kwenye soli ya ndala, zile nzito za zamani. Za siku hizi ni sponji tupu, zinaachia kabla hewa haijakaa sawasawa. Kuna kipindi walimu wenzangu walikuwa wanaficha ndala zao wakiniona napita barazani. Chonga polepole kwa wembe, loweka kwenye maji kabla ya kuziba, na unapopampu kaa mbali kwa urefu wa mpira wa pampu wote, uso wako usiwe juu ya chupa hata kwa kutania. Nilimwona kijana aliyeinama kuchungulia. Hakupofuka, lakini alikwenda nyumbani na uso kama wa mpiga ngumi aliyeshindwa.

Sasa mapezi. Kila kitabu, kila picha, roketi ina mapezi mkiani. Na mimi nilifundisha hivyo hivyo, nikawachorea watoto ubaoni, wakakata maboksi, wakabandika. Huko picha zilikotoka huenda hakuna shida. Hapa kwetu kuna ziwa. Mnaoishi huku mnajua: asubuhi Tanganyika imelala, maji kama kioo, jua likishapita utosini upepo unaanza kutoka ziwani kuja nchi kavu, na jioni unapeperusha hata kanga zilizoanikwa. Shule yetu ilikuwa kwenye mteremko, kiwanja kiko chini, na chini ya kiwanja ni maji. Vipindi vya klabu vilikuwa alasiri. Tukirusha roketi yenye mapezi, inapanda vizuri, halafu hukohuko juu inainamisha pua kuelekea ziwani na kwenda zake. Wavuvi waliokuwa wakitengeneza nyavu walikuwa wakisimama kushangilia. Watoto wakazoea kusema, "Ziwa limechukua chake," wanaandaa nyingine.

Klabu wakati huo iliongozwa na msichana wa kidato cha tatu, Mwamini, mtoto wa mtaa wa Kasingirima, baba yake fundi wa mitumbwi pwani ya Ujiji. Mwembamba, haongei sana, akiongea hakurudii. Msaidizi wake alikuwa Nestori, kijana wa Kidahwe, wazazi wake walitoka Burundi zamani wakakaa. Huyo alikuwa kinyume chake, mdomo haupumziki. Walikuwa na chumba. Hiki chumba mkishike, maana ndicho kilichokuwa hatarini.

Kilikuwa kichumba nyuma ya maabara, dirisha moja, rafu mbili za mbao. Humo ndimo zilimokaa chupa, pampu, nyuzi, gundi. Lakini kwa Mwamini kilikuwa zaidi ya hapo. Nyumbani kwao walilala wengi, taa moja, redio haizimwi. Ufunguo wa kile chumba ndio uliomfanya asome. Alikuwa akibaki humo baada ya vipindi mpaka giza linakaribia, anafanya hesabu zake mezani kati ya chupa za soda, na matokeo yake yalipanda mbele ya macho yangu. Wasichana wengine wawili watatu wakaanza kumfuata humo. Mimi nilipita, nikawaona wameinama, nikaenda zangu bila kubisha.

Akaja mkuu wa shule mpya. Siyo mtu mbaya, nisimsingizie. Alitaka watoto wale chakula cha mchana, na mahindi ya shule yalihitaji pa kuwekwa. Akazunguka na macho yake yakatua kwenye kile chumba. Mimi sina ugomvi na mahindi, mtoto mwenye njaa hasomi fizikia. Lakini shule ile ilikuwa na stoo mbili, na moja ilikuwa imejaa viti vilivyovunjika ambavyo hakuna mtu aliyekubali kuviondoa kwa kuwa hakuna aliyetaka kuulizwa vilivunjwa na nani! Nilimwambia hivyo. Akaniambia, "Madamu, viti ni mali ya serikali. Hizo chupa zako ni mali ya nani?"

Tukabishana kwa wiki kadhaa. Mwisho akasema mbele ya walimu wote: mashindano ya roketi yanakuja, klabu ikirudi na kombe chumba ni chao, wakirudi mikono mitupu mahindi yanaingia. Nikakubali kwa sababu sikuwa na njia nyingine. Na sharti la ushindi lilikuwa rahisi kulielewa: kila shule inarusha kutoka kwenye duara moja lililochorwa kwa chokaa, na roketi itakayoanguka karibu zaidi na duara ndiyo mshindi. Nestori aliposikia akashika kichwa. "Madamu, sisi zetu zinaanguka kwa dagaa."

Hapo ndipo tukafanya kosa ambalo ni watu wa ziwa tu wanaoweza kulifanya. Mwamini alikwenda kwa baba yake. Mzee Mrisho alikuwa ameunda mitumbwi tangu ujana, na kwake mapezi ya roketi yalikuwa usukani, basi. "Chombo kisipokusikia, ongeza ubapa wa usukani," alisema huku akiendelea kusukuma pamba kwenye nyufa za ubao. "Usukani mdogo haushiki maji. Ongezeni." Tukaongeza. Nilikuwepo, nilishika mkasi kwa mkono wangu. Tukakata mapezi makubwa kama masikio ya tembo, yakasimama imara, tukapeleka kiwanjani kwa madaha. Lile dude lilipanda, likageuka haraka kuliko yote yaliyotangulia, likaenda ziwani limenyooka kama lina shughuli kule Kongo.

Tukarudi, tukaongeza tena. Likakimbilia ziwani upesi zaidi.

Mimi nilikuwa mwalimu wa fizikia, na jibu nililipata nyumbani kwangu nikiosha vyombo. Kulikuwa na kuku uani. Upepo ulivuma, ukamshika mkia, na kuku akageuka akautazama upepo. Hakuamua kugeuka. Mkia ulisukumwa, kichwa kikaenda upande wa pili, basi. Niliacha sufuria kwenye povu. Usukani wa mtumbwi unashikwa na mtu. Mapezi ya roketi hayashikwi na mtu yeyote. Ukiyaongeza unaupa upepo mahali pa kusukuma, mkia unarudi nyuma, pua inautazama upepo, na upepo wetu unatoka ziwani. Roketi zetu zilikuwa zinatii kabisa. Tulikuwa tunaziagiza ziwani wenyewe kisha tunalaumu ziwa.

Nilipowaeleza, Nestori alisema, "Basi tuondoe mapezi." Tukaondoa. Chupa tupu isiyo na mkia wowote ilipinduka hewani mara kadhaa kama mlevi, ikatuangukia karibu na vichwa, tukalala chini sote. Kwa hiyo msinielewe vibaya. Mkia lazima uwepo. Swali ni mkia gani.

Tukarudi kwa Mzee Mrisho kumwambia usukani wake umetuponza. Alicheka mpaka akaweka nyundo chini. Nestori akasema, "Oya, Mzee, usicheke, mahindi yanaingia." Mzee akafikiri, akasema kuna wakati usukani hausaidii hata kwenye maji. Mawimbi yakikujia kwa nyuma, mtumbwi unataka kulala ubavu; hapo wenye akili wanafunga ndoo kwa kamba wanaiacha iburuzike nyuma, na chombo kinanyooka chenyewe.

"Ndoo haina ubapa, Baba," Mwamini akasema.

"Haina. Inavuta nyuma tu. Upande wowote ni sawa."

Kisha Mwamini akainua kitu kilichokuwa kimelala karibu na jerikeni la mafuta ya injini ya boti. Faneli. Ile faneli ya plastiki ya kumiminia mafuta, nyekundu, imechujuka kwa jua.

Hivyo ndivyo roketi yetu ilivyozaliwa, na nitawaeleza namna ya kuitengeneza ili mwenye kichwa kigumu ajaribu. Kata mdomo mwembamba wa faneli mpaka shingo ya chupa ipite na kubana. Mdomo mpana uangalie chini, maji yatoke katikati yake bila kugusa kingo. Hilo ni la lazima, maji yakigonga ukingo roketi inayumba. Kisha pua. Faneli ina uzito, na uzito mkiani ni kifo cha roketi, kwa hiyo juu tuliweka udongo wa mfinyanzi uliofungwa kwenye nailoni, tukaufunika kwa nusu ya mpira wa kuchezea. Weka roketi juu ya kidole chako uitafutie mahali inapolala sawa. Pawe karibu na pua kuliko mkia. Halafu funga uzi hapohapo, izungushe kichwani kwako kama mtu anayefukuza ndege shambani. Ikitangulia pua, iko tayari. Ikizunguka ovyo au ikitangulia mkia, ongeza udongo, usiongeze maneno.

Ya kwanza ilitangulia mkia. Faneli tuliyochagua ilikuwa kubwa mno. Ya pili ikapasuka tulipoikata. Mzee Mrisho akaanza kulalamika kwamba kila akitaka kutia mafuta kwenye injini hana faneli. Ya tatu ilizunguka kwenye uzi pua mbele, imetulia, na Mwamini alitabasamu akaendelea kuizungusha hata baada ya kumwambia inatosha.

Tuliirusha alasiri, upepo ukiwa mkali. Sitawadanganya, haikupanda juu kama zile za mapezi. Faneli inakokota hewa na hewa inaidai. Lakini ilipanda imesimama, ikainama kidogo, ikarudi. Ilianguka kiwanjani. Wavuvi wa kule chini walipiga kelele kwa kukosa roketi yao. Nestori alikwenda kuiokota akikimbia na kurudi akikimbia, akaiweka mikononi mwangu kama mtoto mchanga, na mimi niliyefundisha fizikia miaka yote ile nikajikuta natokwa machozi ya furaha kwa ajili ya faneli.

Sasa siku yenyewe. Ninaomba mnivumilie, kwa sababu hapa sauti yangu huwa inapanda.

Mashindano yalifanyika kiwanja kimoja kando ya ziwa. Asubuhi ilikuwa shwari, hata jani halitikisiki, saa nzuri kabisa ya kurusha roketi ya aina yoyote. Hiyo saa ilitumiwa kwa hotuba! Ngoma, mashairi, utambulisho wa wageni, utambulisho wa waliowatambulisha wageni, soda. Watoto wamekaa juani na chupa zao mapajani. Wakati mgeni rasmi anamaliza kushukuru, upepo ulikuwa umeshafika, na wanawake waliokuwa wakianika dagaa kule ufukweni walishaanza kuweka mawe juu ya nyavu zao ili zisipeperuke. Ndipo wakatangaza kwamba roketi zianze.

Majaji wakapita kukagua. Mwenyekiti wao alikuwa mtu wa suti, msomi, mwenye adabu. Hata alinisalimia vizuri. Alipofika kwetu aliishika roketi, akaigeuza, akaingiza mkono kwenye faneli kana kwamba kuna kitu kimefichwa.

"Mapezi yako wapi?"

"Haina," Mwamini akamjibu. "Faneli ndiyo inafanya kazi ya mapezi."

"Masharti yanasema matatu."

Nikaingilia. Nikamweleza upepo, nikamweleza mkia, nikamweleza hata kuku. Nikamwomba aizungushe kwenye uzi ajionee. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa upole, "Madamu, ninakuelewa. Lakini utaratibu ni utaratibu. Roketi isiyo na mapezi siwezi kuiita roketi." Wanangu, kama angenitukana ningepona. Upole wake ndio ulionichoma. Mtu ameshika kitu mkononi, kimepaa, kimerudi, na anasema hakipo kwa sababu hakifanani na picha!

Wakatupa muda mfupi turekebishe. Mkuu wetu wa shule alikuwa amekaa jukwaani, akanyoosha shingo kuona kuna nini. Nestori akamnong'oneza Mwamini, wakaondoka mbio. Walirudi na boksi la biskuti na kikombe cha gundi waliyokoroga kwa mama mmoja muuza chai, gundi ya unga wa muhogo, ile tunayobandikia mabango ya darasani. Mwamini akakata mapezi matatu madogo kama ukucha wa kidole gumba, akayapachika ubavuni mwa faneli. Mwenyekiti akaja, akainama, akahesabu kwa kidole, akatikisa kichwa kukubali. Yametosha! Yangekuwa makubwa ya kupeleka roketi Kongo au madogo ya kuchekesha, kwake yalikuwa matatu.

Shule zilianza kurusha. Nilisimama nimekunja mikono, nikiangalia yale niliyoyajua yatatokea. Moja baada ya nyingine zilipanda kwa fahari, zikainamisha pua, zikaenda ziwani. Nyingine ilifika mpaka walikokuwa wavuvi. Zilizobahatika ziliangukia mchangani, karibu na maji. Watoto walilia. Walimu wao wakawaambia watengeneze mapezi makubwa zaidi mwakani.

Ikafika zamu yetu. Mwamini aliisimamisha roketi kwenye duara akarudi nyuma, Nestori akapampu. Ikachomoka na maji mengi yakamwagika pale chini, ikapanda, ikasimama angani kidogo, ikarudi ikaanguka hatua chache kutoka kwenye chokaa. Kiwanja kizima kilipiga makofi. Nilimwona mkuu wetu wa shule amesimama juu ya kiti. Nikapumua. Chumba kimepona, nilijisemea, na asante Mungu kwa boksi la biskuti.

Mwenyekiti akachukua kipaza sauti. Akatuita mbele, akampa Mwamini kombe, na kombe lilikuwa zuri, sikatai. Kisha akaanza kueleza. "Ndugu wazazi, wanafunzi, mmejionea wenyewe. Roketi hii ilikuja hapa haina mapezi. Tukawaelekeza waweke. Wakaweka. Na mmeona imerudi. Hiyo ndiyo kazi ya mapezi!" Makofi tena. Nilitaka kwenda pale kumnyang'anya kile kipaza sauti. Lakini nikaliona lile kombe mikononi mwa Mwamini, nikaiona ile meza yake kati ya chupa, nikabana meno yangu.

Mwamini hakuwa akimsikiliza. Alikuwa akitazama duara la chokaa. Akaenda kule polepole, kombe kwapani, akainama kwenye tope lililobaki pale roketi ilipochomokea, akaokota kitu, akaokota tena. Mimi nikajua kabla hajarudi. Gundi ya muhogo na maji, mnategemea nini? Yale mapezi yalibanduka palepale maji yalipotoka. Hayakupanda hata kimo cha goti.

Akamfikia mwenyekiti, akamfungulia kiganja. "Samahani," akasema, na kipaza sauti kiliichukua sauti yake kikaitawanya kiwanjani kote. "Mapezi haya hapa. Yalibaki chini. Ilikwenda bila mapezi."

Mwenyekiti akayatazama yale makaratasi yaliyolowa. Nilifikiri, sasa ataona. Mtu msomi, ushahidi uko mkononi, ni mbichi, unadondosha maji. Akawaita wenzake wakakaa pembeni kidogo, wakarudi. Akatangaza kwamba kwa kuwa roketi ya shule yetu imethibitika kuruka bila mapezi, imekiuka masharti, imeondolewa. Kombe likapewa shule ya pili. Roketi yao ilikuwa imeangukia mchangani kisha wimbi likaichukua, na wakati wanapigwa picha na lile kombe ilikuwa bado inaelea kule mbali, tunaiona sote!

Nilipiga kelele, ninakiri. Nilisema mambo ambayo mwalimu hasemi mbele ya wanafunzi. Nilimwambia yule bwana kwamba kama masharti yake na dunia havikubaliani, dunia haitabadilika kumfurahisha. Akanijibu nikate rufaa. Nikakata. Mpaka leo sijajibiwa, na ninyi mmeliona lile tangazo.

Mnaniuliza nimekuja kuwaambia nini. Mnaojiandikisha, rusheni asubuhi. Chongeni ndala nzito. Zungusheni kwenye uzi kabla ya kuamini. Na atakapokuja mtu mpole wa suti akawaambia mbandike kitu ambacho mnajua hakifanyi kazi, sitawaambia mfanye nini, kwa sababu siku ile mimi mwalimu wenu nilikuwa nimebana meno.

Mkuu wa shule alitungoja garini. Hakugomba njiani. Aligomba tulipofika, pale nje ya maabara, na alikuwa na huzuni ya kweli, mtu aliyekuwa amesimama juu ya kiti akishangilia.

"Mlikuwa na kombe mkononi, Mwamini. Mkononi! Nani alikutuma kuokota yale makaratasi?"

"Hakuna, Mwalimu."

"Ungenyamaza tu. Chumba kingekuwa chenu."

"Lile kombe mwenyekiti alilitoa kwa ajili ya mapezi," Mwamini akasema. "Sisi hatukuwa nayo."

Nadhani mkuu alitaka kusema kitu kingine, lakini ahadi alikuwa ameitoa mbele ya walimu wote. Akanyoosha mkono. Mwamini akaingia chumbani, akatoka na daftari zake kifuani na ile roketi ya faneli, akafunga mlango vizuri, akajaribu kitasa kama kimeshika, akampa ufunguo.